UKIONA VYANG'AA, VIMEUNDWA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahariri wa jarida letu walipoomba makala za kuelimisha, wenzangu wengi walikimbilia nidhamu, mazingira na ukulima. Mimi nimechagua kitu kidogo mno, kitu ambacho kila mmoja wetu amekiona lakini wachache wamekitazama. Nacho ni kile kipande chekundu cha plastiki kinachokaa nyuma ya baiskeli, kwenye madigadi. Kwa Kiswahili cha vitabuni twaweza kukiita kiakisi-mwanga. Huku kwetu Garsen mafundi hukiita riflekta, nami nitawafuata mafundi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba ukiona vyang'aa, vimeundwa pia, tena kwa hesabu kali kuliko unavyodhani. Jambo hili sikulijua kwa raha. Nililijua kwa uchungu, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

KOSA LANGU

Mjomba wangu ana shamba la miembe na migomba kando ya Mto Tana. Msimu wa kiangazi alikuwa akifyatua matofali ukingoni mwa mto, na mimi wakati wa likizo nilikuwa kibarua wake asiye na mshahara. Usafiri wake ulikuwa baiskeli ya Black Mamba, ile nzito ya keria pana ambayo hubeba magunia ya maembe bila kulalamika.

Nilipokuwa darasa la saba, mjomba alinunua riflekta mpya sokoni. Usiku ule niliimulika kwa tochi nikiwa mlangoni mwa nyumba, na lo! Ikawaka kama kaa la moto. Nikajiuliza: mbona haina betri? Mbona haina balbu? Nikaamini kabisa kwamba ndani mna almasi au kitu cha thamani mfano wake.

Kesho yake, mjomba akiwa shambani, nilichukua bisibisi nikakibandua kifuniko cha nyuma. Sikuona almasi. Niliona plastiki tu, lakini mgongo wake ulikuwa umejaa vipembe vidogo vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Nilivigusa kwa kidole. Vilikwaruza kama ulimi wa paka. Basi, hamu ikaisha na hofu ikaanza, maana kifuniko kilikataa kurudi mahali pake. Nikaenda kwenye kikopo cha mjomba cha kuzibia pancha, nikatoa solusheni, nikaipaka tele juu ya vile vipembe vyote, nikabandika kifuniko, nikakaza kwa uzi mpaka ikakauka. Mchana ukiitazama ilikuwa nyekundu kama kawaida. Nikajisifu moyoni kuwa mimi ni fundi.

Wiki mbili baadaye mjomba alichelewa Garsen akiuza maembe. Magharibi ilipita, giza likashika. Kati ya Garsen na njia panda ya Minjila lori lilimgonga kwa nyuma. Dereva alisimama, akampakia, akamfikisha hospitalini, na maneno aliyosema tumeyarudia nyumbani mara nyingi: "Wallahi, wazee wangu, sikuona kitu. Niliona giza tupu, kisha nikaona baiskeli iko mbele ya bampa."

Mguu wa mjomba ulivunjika mahali pawili. Alipona, lakini hadi leo anatembea kwa mkongojo na hawezi tena kukanyaga udongo wa matofali. Watu walikuja kumpa pole wakasema ajali haina kinga. Mimi nilinyamaza. Wakati ule sikujua kwamba nilikuwa na lolote la kusema. Nilidhani riflekta ilikuwepo, nyekundu, imefungwa barabara. Nilikuja kujua nilipofika kidato cha tatu, katika somo la fizikia. Naomba unifuate taratibu, msomaji, nikueleze nilichojua.

JICHO LA MAMBA

Aliyewahi kukaa kando ya Tana anajua jambo hili. Usiku ukimulika tochi juu ya maji, unaweza kuona viwaa viwili vyekundu vikikukodolea. Huyo ni mamba. Macho yake hayatoi mwanga. Nyuma ya mboni, ndani kabisa, mna utando unaong'aa, na mwanga wa tochi yako ukiingia hugonga pale ukarudi njia ile ile ulioingilia. Ndiyo maana anayeyaona vizuri ni mwenye tochi, na aliyesimama kando haoni kitu. Ng'ombe, mbuzi na paka nao wana utando wa namna hiyo. Binadamu hana.

Mzungu mmoja wa Uingereza, Percy Shaw, alisajili mwaka 1934 uvumbuzi wake wa vijicho vya kioo vya kuzikwa katikati ya barabara ili madereva waone njia usiku. Navyo vikaitwa macho ya paka.

Sasa fikiria kioo cha kawaida cha kujitazamia. Ukikimulika kwa mshazari, mwanga unakwenda upande mwingine, kama mpira unaougonga ukuta kwa upande. Dereva wa lori hawezi kutegemea kioo bapa, kwa sababu baiskeli haikai sawa mbele yake. Inayumba, inapanda matuta, inakata kona. Kinachotakiwa ni kitu cha kurudisha mwanga kwa mwenyewe, hata kikiwa kimeinama kidogo huku au kule.

Kitu hicho ni pembe ya chumba. Jaribu leo darasani. Chukua mpira, uviringishe sakafuni kuelekea mahali kuta mbili zinapokutana. Utagonga ukuta wa kwanza, utagonga wa pili, kisha utakurudia mwenyewe. Kila ukuta unaugeuza mwendo mmoja, na kuta mbili zikikutana kwa pembe mraba mwendo wote unageuka. Ongeza sakafu iwe ukuta wa tatu, na sasa chochote kitakachoingia pembeni pale kutoka juu, chini, kushoto au kulia, kitarudi kilikotoka. Vile vipembe nilivyoviona ndani ya riflekta ni pembe za chumba, kila kimoja na kuta zake tatu, kikiwa na upana wa milimita mbili tatu hivi. Mwanga wa lori ukigonga riflekta nzima, kila chumba kidogo kinafanya kazi yake peke yake, na vyote kwa jumla vinamrudishia dereva mwanga wake machoni.

KIOO CHAKE NI HEWA

Hapa ndipo penye fundo. Niliuliza darasani: "Mwalimu, mbona nyuma ya hivyo vipembe hakuna rangi ya fedha kama ile ya kioo cha kujitazamia?" Mwalimu wetu wa fizikia hakunijibu. Alitoa riflekta kuukuu kwenye kabati la maabara, akabandua kifuniko, akanipa tochi. Ikawaka. Kisha akachovya kidole majini akakigandamiza kwenye mgongo wa vile vipembe. Pale palipoloa pakawa peusi. Akaifuta, pakawaka tena.

Maelezo ni haya. Mwanga ukiwa ndani ya plastiki na ukataka kutokea hewani, unaruhusiwa kutoka ikiwa tu umeukabili uso wa plastiki bila kuinama sana. Tukipima mwinamo kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso huo, mpaka kwa plastiki ya akriliki ni kama digrii 42. Ukiinama zaidi ya hapo, mlango umefungwa. Mwanga wote unarudi ndani, hakuna hata tone linalotoka. Wanafizikia wanaita uakisi kamili wa ndani.

Mwanga unaoingia riflekta moja kwa moja kutoka mbele unazigonga kuta za kipembe kwa mwinamo wa digrii 55 hivi. Hamsini na tano ni zaidi ya arubaini na mbili, kwa hiyo mwanga hauna budi kurudi. Lakini tia maji nyuma badala ya hewa, na mpaka ule unapanda hadi digrii 63 hivi. Hamsini na tano sasa ni pungufu. Mlango umefunguka, na mwanga mwingi unatoroka kupitia mgongoni. Kwa maneno mengine, kioo cha riflekta ni hewa iliyo nyuma yake. Kile kifuniko nilichokibandua hakikuwa pambo. Kazi yake ni kuilinda hewa ile isichanganyike na maji, vumbi wala matope.

Na gundi je? Nilipouliza hivyo sauti yangu ilikuwa imeanza kukauka. Mwalimu akasema gundi ni mbaya kuliko maji, kwa kuwa inapitisha mwanga karibu sawa na plastiki yenyewe. Ukiipaka juu ya vipembe ni kama umevisawazisha, mwanga unapita kama kwamba ukuta haupo. Kutoka mbele, mchana, rangi nyekundu itabaki. Usiku riflekta imekufa.

Msomaji wangu, nilikaa chini. Nililiona lile solusheni nililolipaka tele kwa mkono wangu.

MATOFALI MADOGO

Tangu siku hiyo nilianza kutafuta habari za jinsi vipembe hivi vinavyotengenezwa, na nilichokiona kilinirudisha ukingoni mwa mto, kwenye matofali ya mjomba. Nitaeleza kwa njia hiyo, maana ndiyo ninayoielewa.

Mfyatua matofali ana vitu viwili, kalibu na udongo. Tofali haliwezi kuwa zuri kuliko kalibu yake. Kalibu ikipinda, matofali yote elfu yatapinda. Kwa riflekta ni hivyo hivyo, ila kalibu yake ni ya chuma na ina mamia ya vishimo, kila kishimo kikiwa na kuta tatu zilizonyooka, laini kama kioo, zinazokutana chini kwenye ncha kali.

Haya, kishimo kama hicho utakichongaje? Hebu jaribu kupiga msasa ndani ya pembe ya sanduku ujionee. Mkono haufiki, na pale kuta zinapokutana huwezi kusugua bila kuviringisha. Mafundi wakaligeuza jambo juu chini. Badala ya kuchonga shimo, wanachonga ncha. Wanachukua pini za chuma zenye pande sita, wembamba wa penseli au pungufu, na kwenye kichwa cha kila pini wanakata nyuso tatu zinazokutana kwa pembe mraba. Kuchonga na kung'arisha ncha ya nje ni kazi inayowezekana. Kisha pini zinasimamishwa pamoja na kufungwa kama mganda wa mabua, zimebanana pande zote sita bila kuacha nafasi, kama vyumba vya sega la nyuki.

Mganda ule unatumbukizwa katika maji yenye chumvi ya nikeli na umeme unapitishwa. Nikeli inaota juu ya ncha taratibu, tabaka juu ya tabaka, siku nyingi, mpaka liwe bamba nene. Bamba likitenganishwa na pini, upande wake wa ndani ni picha kamili ya zile ncha, lakini kinyume. Palipokuwa na ncha sasa pana kishimo, nacho kimeurithi ung'avu wote wa pini. Hiyo ndiyo kalibu. Na pini hazikuharibika, zinaweza kuzaa bamba lingine.

Sasa twende kwenye udongo. Hapa udongo ni punje za plastiki, mara nyingi akriliki, au polikaboneti pakitakiwa ugumu wa kuhimili kishindo. Punje za akriliki hukaushwa kwanza, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa, na unyevu ule ukikutana na joto hugeuka kuwa mvuke na kuacha michirizi na vipovu. Zikisha kukauka zinayeyushwa kwa joto la nyuzi 230 hivi za Selsiasi, halafu zinasindiliwa ndani ya kalibu kwa nguvu kubwa sana. Zinapoa, kalibu inafunguka, riflekta inatoka. Kazi ya sekunde chache.

Kwa kusema ni rahisi. Lakini mjomba alinifundisha kanuni tatu za tofali, na zote tatu zimo humu.

Kanuni ya kwanza alikuwa akiniambia hivi: "Pembe kwanza, mwanangu. Katikati patajijaza penyewe." Udongo mgumu haufiki kwenye pembe za kalibu, tofali linatoka na pembe za mviringo. Plastiki nayo ikikutana na chuma baridi hushika ngozi kabla haijafika kwenye ncha ya kishimo. Kipembe kinatoka na ncha butu, na kuta zake karibu na ncha zinaviringika. Kwa hiyo kalibu yenyewe hupashwa joto, na kwa kazi ya vipembe vidogo zaidi hupashwa hadi karibu na joto la kulainika kwa plastiki, kisha hupozwa kabla ya kufunguliwa. Inachukua muda zaidi, lakini ncha inajaa.

Kanuni ya pili ni hewa. Ukitupa udongo ovyo, hewa hunaswa pembeni na tofali linatoka na tundu. Ndani ya kishimo chenye ncha hewa haina pa kukimbilia. Watengenezaji huiachia mianya myembamba ambayo hewa inapita lakini plastiki haipiti, na wengine huifyonza hewa yote kabla ya kusindilia.

Kanuni ya tatu ni kunywea. Tofali likikauka linapungua, na likikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine linapinda. Ndiyo maana mjomba aliyaanika kivulini kwanza. Plastiki nayo hunywea ikipoa. Wanaendelea kuisukuma wakati inapoa ili kufidia kinachopungua. Wengine hutumia ujanja mwingine. Wanaiacha kalibu wazi kidogo, wanamimina, kisha wanaibana yote kwa pamoja, kama unavyogandamiza udongo kwa kiganja kabla ya kukata juu. Msukumo unakuwa sawa kila mahali na kitu kinatoka bila kupinda.

Kuna na njia nyingine isiyohitaji kumimina. Karatasi ya plastiki hupashwa joto mpaka ilainike, kisha hukandamizwa na bamba la nikeli, ikapoa ikiwa imebanwa. Ni kama kupiga mhuri kwenye nta. Kwa njia za ukoo huu, bamba likiwa limeviringishwa juu ya gogo la chuma linalozunguka, ndivyo zinavyotengenezwa baadhi ya zile karatasi za kuakisi zinazobandikwa nyuma ya malori na kwenye vibao vya barabarani. Wakati mwingine badala ya plastiki moto wanatumia utomvu laini unaogandishwa papo hapo kwa miale ya urujuanimno. Vipembe vyake ni vidogo mno hata jicho halivioni.

Ndugu za riflekta ni wengi. Zile sidii za muziki ambazo wazazi wetu walizitumia, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilikuwa visahani vya polikaboneti vilivyofyatuliwa kwa bamba la nikeli vivyo hivyo. Mistari ya vishimo vyake ilipishana kwa mikromita 1.6 tu, na unywele wa mtu una mikromita 70 hivi! Lenzi bapa zenye duara ndani ya duara nazo ni za ukoo huo. Wazo lake ni la Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye lenzi yake ya kwanza ya namna hiyo iliwashwa katika mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823. Ile ilikuwa ya kioo, nzito, ya kuunganishwa vipande. Siku hizi lenzi kama hiyo yaweza kufyatuliwa kwa plastiki ikawa nyembamba kama jalada la daftari.

Hata mwezini kuna riflekta. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko mwaka 1969 kisahani chenye vipembe 100 vya kioo, na mwaka 1971 safari za Apollo 14 na 15 zikaongeza vingine. Wanasayansi huvimulika kwa miale ya leza kutoka duniani na kupima muda wa kurudi. Kwa njia hiyo tunajua kwamba mwezi unatuhama kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Umbali ni kilomita 384,000, na bado mwanga unarudi nyumbani. Kipembe cha baiskeli na kile cha mwezini ni ndugu wa baba mmoja.

HESABU YA MAISHA

Huenda ukasema, "Aa, kosa dogo la kalibu lina neno gani?" Hebu tupige hesabu. Ikiwa pembe zote tatu za kipembe cha akriliki zimekosea kwa digrii moja, yaani ni 91 badala ya 90, mwanga unaorudi hupotoka kwa karibu digrii 5. Kwa umbali wa mita 100, hiyo ni zaidi ya mita 8 pembeni. Mwanga wa dereva utawaangazia ndege vichakani, si yeye. Kosa likiwa sehemu ya kumi ya digrii, mwanga unapotoka kwa sentimita 85 hivi. Hilo linavumilika, tena lina faida, kwa kuwa macho ya dereva hukaa juu ya taa zake na mwanga sharti utawanyike kidogo ili umfikie.

Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mita 100 ni sekunde nne na nusu. Dereva aliyeona nukta nyekundu mita 100 mbele ana sekunde nne na nusu za kukanyaga breki au kukwepa. Dereva ambaye hakuona kitu mpaka mita 20 hana hata sekunde moja. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo mguu wa mjomba wangu. Na sasa barabara ya kwenda Lamu ina lami, magari yanakimbia kuliko zamani, na sisi bado tunarudi nyumbani gizani kwa baiskeli.

JIPIMIE MWENYEWE

Ewe mwenzangu unayekuja shuleni kwa baiskeli, fanya hivi leo usiku. Simamisha baiskeli, nenda hatua 30 nyuma yake. Weka tochi kando ya shavu lako, karibu na jicho, uimulike. Riflekta nzima itawaka kama kaa. Kisha nyoosha mkono, tochi iwe mbali na uso. Itafifia. Hiyo ni dalili njema, maana inarudisha mwanga kwa tochi na si kwingineko. Ikiwa haiwaki, au inawaka nusu tu, tazama kama imepasuka na kuingia maji. Ikiwa haijapasuka, ioshe matope kwa maji na sabuni, na usiisugue kwa mchanga. Ukipeleka jicho karibu usione vipembe bali plastiki laini tupu, hicho ni kipande cha rangi tu, hakitakusaidia. Na kamwe usiibandike kwa gundi mgongoni. Ikifunguka kifuniko, nunua nyingine.

Wanachama wa Chama cha Kiswahili tulifanya jaribio hili jioni moja kwenye baiskeli zote zilizoegeshwa nyuma ya bwalo. Kuna zilizowaka, kuna zilizobaki giza ingawa mchana zilikuwa nyekundu kama waridi. Wenyewe walishtuka. Fundi mmoja wa Garsen tulipompelekea zile mbovu alizigeuza mkononi akacheka kwa huzuni, akasema, "Vijana, miaka yote hii mimi nazifunga tu. Sikujua kuna nzima na maiti."

Likizo iliyopita nilimwendea mjomba. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, mkongojo umelala kando. Nikamweleza yote, bisibisi, solusheni, vipembe, digrii 55 na 63. Nilisema hali macho yangu yako chini. "Mjomba, nisamehe. Ni mimi niliyeizima ile taa yako."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe ulijua?"

"Sikujua, Mjomba."

"Na mimi niliyetoka usiku bila tochi, nilijua. Dereva aliyekimbia gizani, alijua. Kosa lina watu watatu, mwanangu, na wewe ndiye mdogo wao." Akaushika mkongojo, akachora pembe kwenye mchanga. "Sasa nieleze tena hiyo habari ya kuta tatu. Polepole. Unasema ncha ndiyo ya kujazwa kwanza?"

Nikamweleza tena. Alipoelewa alicheka, akasema, "Basi hao ni wafyatua matofali kama mimi."

Ndugu msomaji, hapa natia nanga. Kama kuna kitu kimoja utakachobaki nacho, na kiwe hiki. Rangi nyekundu haimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni vile vipembe vilivyo sawa na hewa safi nyuma yake. Usiku huu, kabla hujalala, chukua tochi ukaipime baiskeli yako, na ya baba, na ya jirani. Kinga ni bora kuliko tiba. Wasalaam.